Siku za kiriri

Wenye kusimamia kitabu hiki walituomba kurasa chache juu ya mama kijana: siku zake za nyumbani, hatua za mtoto, mambo yenye hayasahauliki. Bila shaka walifikiri kwamba mwalimu ataleta maelezo yaliyopangwa vizuri kama somo. Tulijaribu mara mbili, tukapasua karatasi. Juu ya mahari, juu ya ngoma, juu ya kusimikwa kwa mwami, mtu anaweza kuandika akisimama pembeni. Juu ya mama aliyezaa, sisi hatukuweza. Tutaeleza basi kiriri chetu wenyewe, pamoja na kosa tulilolifanya ndani yake.

Msomaji atuvumilie tukisema "sisi". Ndivyo tulivyozoezwa kule ISP: mwandishi asijiweke mbele. Tena mambo ya kuzaa, ni nani aliyeyafanya peke yake?

Kiriri ni neno lenye watu wa Bukavu wanalijua, na majirani zetu wa Rwanda na Burundi wanalo pia. Ni kitanda cha mama aliyezaa, halafu ni zile siku zenyewe anazokaa pale. Mama wa kiriri hashiki chungu. Hateki maji, hafui, haendi soko. Anakaa ku kitanda amevaa pulova na soksi hata jua likiwaka, kichwa kimefungwa kitambaa, tumbo limekazwa na kitenge, na watu wanamletea. Asubuhi na jioni anakandwa na maji ya moto, moto wa kweli, hata kuko wenye wanalia pale kuliko walivyolia siku ya kuzaa. Anakunywa uji wa mtama wenye soya au karanga, supu ya kuku, chai ya maziwa kama maziwa yako, juu mtoto anakula kwa kinywa cha mama yake. Wageni wanakuja na sabuni, sukari, makala, nguo za mtoto. Mwenye hana kitu anakuja na bidoni ya maji, na kwa mtu wa Kadutu, mwenye kujua ile milima na zile robine zenye kukauka, bidoni ya maji iliyopandishwa mpaka mlangoni si zawadi ndogo. Inapokelewa kwa mikono miwili.

Kiriri hakina hesabu moja ya siku. Kuko familia zenye kuhesabu mpaka kitovu cha mtoto kianguke, zingine mwezi, zingine siku 40. Warega, Wahavu, Wafuliiru wana yao, na mjini yote yamechanganyika. Mtoto wa kwanza anapewa siku nyingi. Kwa mtoto wa tano mama anasimama siku ya tatu kupikia wale wanne. Wamama wanaijua hesabu hiyo na wanaicheka wenyewe. Mwishoni mama "anatoka": anavaa kitenge kipya, anakwenda misa au ibada, watu wanakula, na tangu hapo jina lake limekwisha kubadilika.

Hilo jina lituchelewesha kidogo. Kwetu Bushi msichana anabeba jina la baba yake likitanguliwa na M'. Hivyo tulikua binti wa mtu fulani. Kule ISP tukawa mademoiselle, shuleni tukawa madame. Ila siku mtoto anazaliwa hayo yote yanawekwa kando: ni Mama Fulani, kwa jirani, kwa muuza sombe, hata kwa baba wa mtoto mwenyewe. Ni daraja kubwa na hakuna diploma yenye kulitoa. Lakini tuseme pia ukweli, kuko siku tulisikia mtu akituita kwa lile jina la kwanza, tukageuka mbio kuona ni nani bado anatujua.

Tulimaliza ISP mwaka 2003, tukaolewa mwaka ule ule, tukaanza kufundisha Kifaransa kwenye shule moja ya sekondari. Mei 2004, tukiwa na miaka 23, uchungu ulitushika usiku kule Cimpunda, juu kabisa. Hakuna gari lenye lingepanda pale usiku, na motari walikuwa bado hawajajaa mjini kama leo. Tulishuka kwa miguu, baba wa mtoto mbele na toshi, mama jirani nyuma ametushika kiuno, tukisimama kila maumivu yalipokuja, mara ku kona, mara ku ukuta wa watu wenye kulala. Msichana alizaliwa kabla ya kucha, kilo 3 na gramu 100. Kuzaa kwenyewe hatutakueleza. Waliozaa wanajua, na wengine hata tukieleza hawatasadiki.

Kitu kilichokawia ni kulipa. Siku ya tatu tuliambiwa kwamba tumepona na tunaweza kwenda, ila dola 22 zilikuwa hazijapatikana, na pale mwenye hajalipa anabaki. Tulibaki siku nne zaidi, wamama sita wenye kungoja katika chumba kimoja, wengine wakilala wawili ku kitanda na watoto wao katikati. Mmoja alikuwa pale tangu wiki tatu. Mtoto wake alianza kucheka pale, kwa muganga wa zamu, kabla ya kumcheka baba yake. Mwishoni redio-kaseti ya ndoa yetu iliuzwa, tukapanda mlima.

Nyumbani mama mkwe alikuwa anatungoja. Alikuwa ametoka upande wa Walungu, nusu ya njia juu ya kamio la mihogo, nusu kwa miguu, kuku kwapani, unga wa mtama kichwani na kifurushi cha majani ambacho hakukiachia mtu. Mwanamke mfupi, mkavu, mwenye hakukanyaga shule hata siku moja, na Kiswahili chake kilikuwa cha soko, Mashi ndani mwingi. Alimtazama mtoto muda mrefu bila neno. Halafu akatugeukia:

"Weye, panda ku kitanda. Usishuke mpaka nikuambie."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyesimama mbele ya kalasi ya wanafunzi 50 na kuwanyamazisha kwa jicho, akawa mtoto tena. Tulikandwa, tulilishwa, tulifungwa tumbo, tulikatazwa kukaa karibu na dirisha. Kitovu kilipoanguka alikifunga ku kitambaa kidogo na kukificha. Baadaye alikwenda nacho kwao kukizika chini ya mgomba. Hapo hatukubisha, juu hakikuwa na ubaya kwa mtu. Tulibisha ku maji.

Kila jioni alichemsha yale majani yake kwa ajili ya "tumbo la mtoto". Sisi tulikuwa tumefundishwa ku materniti: ziwa tu, miezi sita, hata tone la maji hapana. Na hayo si maneno ya mkunga mmoja. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani, lile la OMS, linashauri hivyo kwa nchi zote, na mwenye anajua maji yetu yanatoka wapi haulizi sababu. Watoto wangapi wamezikwa na kuhara Kadutu na Bagira? Tulikuwa na haki. Tunarudia: tulikuwa na haki, na leo bado tungekataa.

Ilikuwa siku ya Mungu, tarehe 23 Mei. Nyumba ilijaa: walimu wenzetu, na marafiki wawili tuliosoma nao ISP, wamevaa vizuri. Mama mkwe akaingia na kikombe chake cha bati na kijiko.

"Lete mtoto akunywe kidogo. Usiku tumbo litamusumbua."

Tungeweza kumwambia polepole jioni, tukiwa wawili. Tungeweza kusema kwamba muganga amekataza, na kosa lingekuwa la muganga. Sisi tulisema mbele ya watu, tena kwa Kiswahili safi ili asikie kila neno: "Mama, hayo ni mambo ya watu wenye hawakusoma. Mtoto wetu hatakunywa majani."

Mwalimu mmoja alicheka. Si sana. Mama mkwe alitazama ndani ya kikombe, akatoka, tukasikia maji yakimwagika ku mawe ya nje. Kisha akarudi kupakulia wageni, kila mtu sahani yake, na yule aliyecheka akapewa paja la kuku.

Tangu saa ile alitusemesha ya lazima tu. "Kula." "Geuka nikukande." "Mtoto analia." Na sisi, aibu haikutujia mara moja, tusijitakase. Siku mbili tatu tulijiona kama watu walioshinda.

Tarehe 26 Mei bunduki zilianza kulia mjini. Tarehe 2 Juni 2004 Bukavu ikaanguka mikononi mwa askari wa Nkunda na Mutebutsi, ikakaa hivyo wiki moja. Wenye walikuwa hapa hawana haja ya kuelezwa. Vijana waulizie kwao. Nyumba ziliingiliwa, maduka yaliporwa, na wanawake walifanyiwa mambo yenye mji huu haujamaliza kuyalia. Baba wa mtoto alikuwa ameshuka Uvira kutafuta pesa, njia ikafungwa nyuma yake. Tulibaki wanawake wawili wasiosemezana na mtoto wa wiki tatu.

Mama mkwe aliteremsha godoro chini, mbali na dirisha, akasukuma meza ku mlango. Alipika usiku ndani, makala kidogo sana, moshi usionekane. Ila maji? Robine ilikuwa kavu, na chemchemi iko chini, njia ya wazi kabisa. Alichukua bidoni.

"Mimi mzee," alisema. "Watanifanya nini?"

Tulijua sisi wote wawili kwamba hayo si kweli. Zile siku hata wazee hawakuachwa. Alikwenda kila alfajiri, siku sita, na kila alfajiri tulikaa gizani na mtoto kifuani tukingoja kusikia miguu yake ku mawe. Siku moja alikawia mpaka jua likatoka. Alirudi na bidoni nusu, kitambaa cha kichwa hakiko. Hatukuuliza. Naye hakusema, si siku ile, si baadaye, mpaka amekufa.

Siku ya tatu maziwa yetu yalianza kukatika. Ni hofu, ni njaa, ni kukosa kulala. Mtoto alivuta, akalia, akavuta tena. Katika nyumba mlikuwa mmeongezeka mama jirani, yule aliyetushika kiuno usiku wa kuzaa, juu mlango wake ulikuwa umevunjwa. Alisikiliza kile kilio, akatazama mlango wetu, akasema: "Mumupatie maji ya sukari jameni. Huyu mtoto atatuletea watu."

Alisema kweli. Kilio cha mtoto usiku kilikuwa kinaweza kutuua wote. Na sisi wenye OMS kichwani, sisi wenye haki, tulikwisha kukubali. Tulisema: basi, mumupatie.

Mama mkwe ndiye alikataa.

"Mama yake alisema ziwa tu mpaka miezi sita," akamjibu jirani. "Yeye njo alisoma."

Tulitafuta dharau ndani ya ile sauti. Tumeitafuta miaka mingi, tukirudia yale maneno usiku, na hatujaiona. Alichemsha maji kidogo, akatukanda matiti na kitambaa mpaka ngozi ikawaka. Alitupa uji wote, yeye akakunywa maji yenye chumvi akisema ameshiba. Na mtoto alimrudisha ku ziwa kila mara, kila mara, usiku kucha, hata pale mlipokuwa hamna kitu, akimfunika kichwa na kitenge ili kilio kibaki ndani. Usiku wa pili maziwa yakashuka. Waganga walitueleza baadaye kwamba ndivyo inavyofanywa: mtoto anapovuta mara nyingi, maziwa yanarudi. Yeye hakuhitaji kuelezwa.

Tarehe 9 Juni jeshi la serikali lilirudi mjini. Siku chache baadaye baba wa mtoto alifika, ameshuka kilo, na mwisho wa mwezi kamio zilipoanza tena kutembea mama mkwe akasema shamba lake linamngoja. Kutoka ku kiriri kwa desturi hakukufanyika. Nani angekula karamu mji ukiwa vile? Na yeye aliyetukalia, mwenye kwa mila alipashwa kurudi kwao na kitenge kipya na mafuta na sabuni, tulimpa pesa ya kamio, kilo mbili za chumvi na vipande viwili vya sabuni. Kule ku kamio tulifungua kinywa kusema lile neno. Konvoyeri alikuwa anapiga kelele, watu walikuwa wanasukumana, mtoto aliamka. Tulisema: "Safari njema, Mama."

Tulionana tena mara nyingi, ku matanga na ku ndoa, kila mara watu wakiwa tele kati yetu. Mara zingine sisi wenyewe tulipanga watu wawe tele. Alikufa mwaka 2011. Neno bado tunalo.

Tuseme sasa ya kila siku, juu hiyo ndiyo waliyotuomba hasa. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mama wiki 14 za mapumziko, nane kati yake baada ya kuzaa, na mama anayenyonyesha anapata nusu saa mara mbili kwa siku. Tunawashauri wasichana wetu waisome. Lakini wakati ule mwalimu aliishi kwa prime ya wazazi, na prime inalipwa mwenye amesimama ubaoni. Septemba tulirudi kazini. Kuamka saa kumi na moja kabla ya wengine, kuwasha mbabula, kunyonyesha, kufua vitambaa vya mtoto kwa maji ya kupimwa, kunyonyesha tena, kumwachia binti wa shangazi aliyekuja kutusaidia, kushuka mbio. Saa ya mapumziko binti analeta mtoto nyuma ya shule, tunanyonyesha tumesimama, kengele inalia. Na jioni daftari 50 za kusahihisha, mtoto mapajani. Kuko insha zenye bado zina alama ya mate yake.

Siku moja, katikati ya somo la sarufi, maziwa yalishuka yenyewe. Blauzi ililowa mbele ya kalasi nzima ya mwaka wa tano. Wavulana walianza kucheka chini chini. Msichana mmoja wa benchi la mbele alisimama bila kuomba ruhusa, akatoa pulova yake, akatufunika mabega, akarudi kukaa. Somo liliendelea. Yule msichana tunamkumbuka kuliko wale wote waliotupatia zawadi ya Siku ya Mwalimu.

Hatua za mtoto zilishuka Walungu kwa njia ya wamama wa soko. Mama mkwe alituma swali pamoja na fungu la viazi: "Ameota meno?" Tulijibu: mawili, ya chini. Fungu lingine: "Anakaa peke yake?" Anakaa. "Anatembea?" Hapo tulikawia kujibu, juu mtoto alifika miezi 15 bado anatambaa na sisi tulikuwa tumeanza kuogopa. Jibu lake lilifika baada ya soko mbili: baba yake pia alikuwa hivyo, alitembea siku alipotaka, tumwache. Alitembea wiki ile, kutoka ku mguu wa kitanda mpaka ku mbabula, tukapiga kelele sote, akaanguka kwa kuogopa kelele.

Wamama wa hapa, tarehe si kitu chetu. Ukiuliza mtoto alizaliwa lini utasikia: yule ni wa volkano ya Goma, yule wa Mutebutsi, yule wa tetemeko. Wa pili wetu ni wa tetemeko. Alikuwa na siku 12 wakati nchi ilipotikisika ile siku ya Mungu asubuhi, tarehe 3 Februari 2008, na kiriri chake tulikimalizia nje chini ya shitingi, pamoja na nusu ya avenyu. Ile ya kwanza ilitufundisha: tulicheka sana chini ya ile shitingi.

Yule msichana wa 2004 alizaa Novemba 2024. Alipasuliwa. Mama mkwe wake anaishi mbali na ni mgonjwa, kwa hiyo kiriri kilituangukia sisi. Tulimwomba prefe wiki mbili, akatupa siku nne, zingine tulizipata kwa kubadilishana masaa na wenzetu. Tulifika na unga wa mtama, na kuku, na ile nguvu yote ya mtu aliyengoja zamu yake miaka 20. Tulichemsha maji. Tulikunja kitambaa. Tukamwambia ageuke.

"Mama, hapana," akasema. "Kuko kidonda. Ile mambo ya zamani muiache." Akageuza simu yake tuone: pale walikuwa wameandika kwamba aliyepasuliwa hakandwi tumbo na maji ya moto.

Alikuwa na haki. Muganga naye alikuwa ametuambia ku lango la kutokea, tukasikia kwa sikio moja. Tulisimama pale na beseni mikononi, mvuke unatupanda usoni. Tulijua sasa kikombe cha bati kilikuwa na uzito gani. Baadaye kidogo tulikwenda na lile beseni nje, tukakaa ku kizingiti, tukaingiza miguu yetu wenyewe ndani. Maji mazuri kama yale, kuyamwaga?

Usiku ule, mtoto amelala, tulimwambia binti yetu yote: kikombe, mwalimu aliyecheka, bidoni, kitambaa cha kichwa. Alikuwa hajui. Jina la nyanya yake alilijua kwa picha moja ya matanga tu. Alinyamaza muda mrefu, simu imezimika mkononi. Halafu akauliza kama uji umebaki.

Wengi wanasema kiriri kinakufa mjini juu vijana wanadharau mila. Sisi hatuoni hivyo. Binti yetu alikunywa uji wote, alivaa soksi bila kusukumwa, na Februari 2025, mji ulipoingia tena mikononi mwa wengine na mjukuu akiwa na miezi mitatu, alimweka ku ziwa kila mara, kila mara, bila kuuliza mtu. Chenye kinakosekana ni mikono. Mama mkwe wa zamani aliacha shamba mwezi mzima. Leo nyanya anafundisha, au anauza sokoni, au yuko Kampala, na baba wa mtoto anatoka alfajiri na kurudi usiku. Mama anazaa asubuhi, jioni anawasha makala. Picha ya mtoto inapita ku simu za watu mia, wote wanaandika hongera, na bidoni iko tupu.

Kwenye avenyu yetu tulianza kitu miaka michache sasa, wamama tisa, Wakatoliki, Waprotestanti na Mwislamu mmoja. Ni kama likirimba, ila hatuchangi pesa. Mmoja wa avenyu akizaa, wiki mbili kila mtu ana kazi yake: huyu anapika mchana, huyu anapika jioni, huyu anafua, huyu anabaki na wale wakubwa. Kuko wenye wanakawia, kuko mmoja mwenye kupika sombe bila chumvi na hakuna mwenye amepata ujasiri wa kumwambia. Majani kwa mtoto tumekataza, na yule mzee kati yetu mwenye kuyapenda tulikwenda kumwambia kwake nyumbani, jioni, tukiwa wawili.

Mwezi ujao kuko msichana wa pale chini karibu na daraja, mimba ya kwanza, hana mama. Orodha imekwisha kuandikwa. Sisi tuko ku maji.